Kilo Sitini na Moja za Kwenda Liège

Jumatano, 1 Julai

Viza imefika! Nimeibusu. Khadija, mke wangu, kasema nisiilowanishe, itafutika, halafu nitaomba nyingine kwa nani. Nimeiweka kabatini, nikaitoa, nikaitazama, nikairudisha. Mara tisa.

Niandike vizuri. Jumamosi tarehe 8 Agosti binti yangu Sikujua anaolewa kule Liège, Ubelgiji, na kijana wa Bukavu aitwaye Amani. Mimi, Bilali, fundi wa mafriji hapa Kabondo, Kisangani, ndiye walii. Bila neno langu hakuna ndoa. Isipokuwa nimpe mtu mwingine ruhusa aseme mahali pangu, na mtu huyo tayari ananoa ulimi. Ni mdogo wangu Hamadi, anayeishi Liège mwaka wa kumi na nane sasa.

Kapiga simu leo. Sauti asali tupu. Eti, "Yaya," yaani kaka mkubwa, "usijichokeshe. Mimi iko huku, nitasimama pa nafasi yako." Namjua huyo. Tangu utoto, nikiinuka kwenda kunawa mikono, nikirudi namkuta kwenye kiti changu. Nimemwambia nakuja, tena kwa jasho langu. Binti yangu Sikujua naye alitaka kunilipia tiketi, nimekataa. Mzazi hapelekwi harusini kama kifurushi!

Alasiri nimekwenda kwa Joëlle, yule wa ofisi ya safari karibu na soko kuu. Kisangani, Kinshasa, Brussels, kwenda na kurudi: dola 1,650. Akaongeza jambo fulani kuhusu masanduku, ila mimi masikio yalikuwa yameshaziba. Nina dola 900. Friji ngapi nitengeneze kwa mwezi mmoja? Lakini akili ni mali, na mimi mali hiyo ninayo.

Ijumaa, 3 Julai

Nimegundua siri! Simu inakukumbuka. Ukitafuta bei ya ndege mara mbili, inajua una shida, inapandisha. Kaniambia jirani yangu Papa Lukumani, ambaye aliwahi kwenda Dubai mwaka 2014 na hajarudi kabisa mpaka leo. Kila mazungumzo naye hupitia Dubai. Dawa yake ni kutafuta kwenye simu isiyokujua.

Nimeanza na simu ya Khadija. Kisha ya Mama Berthe, muuza samaki. Kisha ya muuza dawa, ya fundi viatu, ya imamu mwenyewe, maskini, baada ya sala. Simu kumi na moja! Jioni bei ilikuwa 1,690.

Khadija kasema sasa mtaa mzima unajulikana una shida.

Jumanne, 7 Julai

Ushindi! Promo! Joëlle kaniita mwenyewe. Kuondoka Jumatano 5 Agosti, kurudi 2 Septemba, dola 1,120 tu. Kuna kusubiri saa kumi na tisa katika uwanja mmoja njiani, lakini kiti ni kiti, nitakaa. Mwisho wa kulipa ni Ijumaa adhuhuri.

Ninakosa 220. Nimetembea hadi ukingo wa mto nikiwaza, nikarudi nikiwaza, na karibu na meza ya Mama Berthe jibu likanijia lenyewe. Alikuwa analia kwamba mwanawe Bonheur, huko Brussels, ana miaka mitatu hajaonja mbinzo za nyumbani. Viwavi vya huko ni vya pakiti, havina hata harufu.

Kilo! Mtu wa ndege ya Ulaya ana masanduku mawili ya kilo ishirini na tatu. Nani hajui? Hata Lukumani alikuwa nayo ya Dubai, ametuhesabia mara elfu. Mimi nahitaji nini? Suti moja na mswaki. Basi nitauza kilo zangu! Dola nane kwa kilo. Nilicheka peke yangu barabarani mpaka mwendesha baiskeli akaniuliza kama niko salama.

Alhamisi, 9 Julai

Hakuna mtu Kisangani asiye na mtoto Ulaya. Nilidhani nitabembeleza, kumbe nilipangiwa foleni mlangoni kwangu. Mama Berthe kilo kumi na mbili: mbinzo na samaki wa moshi kutoka kwa wavuvi wa Wagenia. Muuza dawa kilo tano za fumbwa, zile mboga za majani makavu. Imamu kilo nne, hakusema za nini, sikuuliza. Papa Lukumani kilo kumi na tano kwa binti yake wa Namur, huko huko Ubelgiji, na akataka risiti, nakala mbili, na sahihi ya shahidi. Jirani huyu!

Jumla nimeuza kilo sitini na moja. Ndiyo, masanduku yanabeba arobaini na sita. Lakini vitu vya moshi hukauka, na kitu kikikauka hupungua. Mpaka Agosti hesabu itakuwa imejirekebisha.

Khadija aliniuliza kama nimemwuliza Joëlle. Nimemwambia mwanamke asiyepanda ndege asimfundishe mwanamume. Kanikumbusha kwamba na mimi sijawahi kupanda.

Ijumaa, 10 Julai

NIMELIPA. Tiketi ninayo, karatasi halisi, jina langu limeandikwa kwa herufi kubwa. Joëlle aliniuliza, "Papa, umesoma masharti?" Nikamjibu kwamba mimi nimefufua friji zenye kitabu cha Kichina, masharti ya Kifaransa hayanitishi. Nikatia sahihi.

Nimempigia Hamadi papo hapo. Akasema, "Bon, tutaona." Tutaona! Ataona yeye, kutoka safu ya pili! Kwa pesa iliyobaki nimenunua viatu vyeusi vyenye ncha. Vinabana kidogo, lakini walii hatembei sana.

Jumatatu, 27 Julai

Mizigo imefika. Nyumba inanuka soko zima. Paka wa mtaa wamehamia darini. Nimepima kila kitu kwa mizani ya Mama Berthe: kilo sabini na nne. Hakuna mtu aliyeleta kiasi alicholipia, kila mmoja kaongeza "kidogo tu". Na hakuna kilichokauka.

Nikaenda kwa Joëlle, kifua mbele, kuuliza bei ya kilo za ziada. Akanitazama kwa huruma. "Papa, za ziada juu ya nini? Hii tiketi iko bila soute." Soute ni tumbo la ndege, mahali pa masanduku. Tiketi ya promo haina tumbo. Ina mkoba mmoja wa mkononi, kilo saba. Sanduku ni dola 290. Kila moja!

Nimefanya hesabu nje, kwenye kivuli cha ofisi. Promo yangu pamoja na masanduku mawili ni 1,700. Ile ya kwanza ya 1,650 ilikuwa na masanduku mawili ndani yake, ndilo jambo alilokuwa akilisema. Nilikaa chini. Viatu vilikuwa vinaniuma, nikavivua.

Ningeweza kurudisha pesa za watu? Zimeshakuwa tiketi, na tiketi hairudishwi. Nikisema ukweli watanivamia, Khadija atanitazama kwa lile jicho lake, na Hamadi atakaa kwenye kiti changu mbele ya mwanangu wa pekee. Hapana. Kwa hilo niko tayari kula mbinzo zote mimi mwenyewe.

Jumanne, 28 Julai

Nimeamka na jibu! Ndege inapima mkoba. Haimpimi mtu.

Nimenunua koti la mitumba, zito, refu mpaka magotini, la mtu aliyekuwa mkubwa sana enzi za uhai wake. Khadija anashona mifuko ndani. Alikataa asubuhi nzima, kisha nikamwambia kuhusu kiti na Hamadi na Sikujua, akachukua sindano. Mifuko ishirini na miwili! Samaki mgongoni, fumbwa kwapani, mbinzo kwenye mikono ya koti. Kilo ishirini na nne tumezivaa. Zilizobaki ziko chini ya kitanda, nitazipangia.

Nimemwuliza Sikujua kwa simu, kwa ujanja, kama Agosti huko kuna baridi. Kasema digrii thelathini na moja, watu wanatembea na fulana. Halafu akasema, "Papa, kuja tu. Hata mikono mitupu."

Jumatano, 5 Agosti

Naandika Kinshasa, kwenye benchi, bila koti. Nieleze kwa utaratibu.

Mtaa wote ulinisindikiza uwanja wa ndege wa Bangboka, kama desturi. Wateja wangu wote! Papa Lukumani akanizunguka mara mbili na kuuliza, "Alors, Papa Bilali, valizi iko wapi?" Nikasema masanduku yametangulia jana. Akasema ya Dubai hayakuwahi kutangulia. Jasho lilikuwa linanitiririka mpaka ndani ya viatu. Nikasema ni furaha.

Na kweli nilikuwa na furaha! Tiketi mkononi, ndege naiona, bado hatua thelathini. Kisha tukaambiwa ndege iliyokuja leo ni ndogo, kwa hiyo kila abiria apande kwenye mizani pamoja na mkoba wake. Mtu! Wanapima mtu!

Mbele yangu alikuwa mzee mmoja mnene, tumbo la heshima. Kilo tisini. Nikapanda mimi, mwembamba kama ufagio. Kilo tisini na mbili. Karani akatazama mizani, akanitazama, akaigonga mizani kwa kiganja. Akaniomba nishuke, nipande tena. Niliinua mguu, mshono wa mkono wa kushoto ukaachia, mbinzo zikaanza kushuka sakafuni moja baada ya nyingine. Ukumbi wote ukazisikiliza.

Mama Berthe alizitambua kabla hazijafika chini. "Hii mbinzo iko yangu! Miye mwenyewe nilikausha!" Lukumani akatoa risiti zake, zote mbili. Imamu akageukia ukutani. Wote walisema kwa pamoja, kwa Kiswahili, Kilingala na Kifaransa, na katika lugha zote tatu nilikuwa mwizi. Karani akasema ndege haitamngoja mtu: ama koti libaki, ama mimi.

Nikasema ukweli. Sikuwa nimepanga, ulitoka tu. Kwamba kilo sikuwahi kuwa nazo, kwamba niliziuza bila kusoma, kwamba pesa zao zimekuwa kiti cha ndege, na kiti hicho kinaniwahisha kumwoza mwanangu Jumamosi. Nikalivua koti nikampa Lukumani. Aliyumba.

Mama Berthe akatia mkono ndani ya koti. Akatoa samaki mmoja, mkubwa kuliko wote, akambana ndani ya mkoba wangu. Akasema niende, deni litaningoja, miguu halina. Khadija alisimama katikati yao akiniashiria kwa mkono: nenda, nenda! Nilikimbia na viatu mkononi. Masikini mke wangu, nimemwachia watu tisa na koti moja.

Jumamosi, 8 Agosti

Nimefika. Ndege ya pili ilichelewa, zile saa kumi na tisa zikawa ishirini na nane, treni nayo nikapanda ya kwenda upande mwingine. Nikah ilipangwa saa nne asubuhi. Niliingia msikitini karibu na adhuhuri, soksi tupu, shati la siku tatu, nanuka Wagenia.

Watu wote walikuwa wamekaa. Hamadi alikuwa kwenye nafasi yangu, kanzu nyeupe, kofia mpya. Nilijua. Nikasema moyoni basi, imekwisha, nitakaa nyuma.

Lakini Hamadi aliruka kama amekaa juu ya makaa. Akaniambia wameningoja saa mbili nzima. Imamu wa hapo alitaka kuanza, ana harusi nyingine mchana. Sikujua akamtumia ujumbe kutoka chumba cha wanawake: baba yake yuko njiani, na asipofika leo ataolewa siku atakayofika. Hamadi kakitunza kiti kwa sababu wazee wawili wa Liège walikuwa wanakitamani. Alisema, "Yaya, kaa, mugongo inaniuma."

Nilikaa. Nilipoulizwa, nikasema nimemwoza. Sauti ikatoka kubwa mno, mpaka Amani akashtuka. Baadaye Sikujua alinikumbatia na gauni lake lote, akanusa bega langu, akaanza kulia. Kasema nanuka nyumbani. Nami nikalia, na Hamadi, ambaye hakuulizwa.

Jumanne, 11 Agosti

Khadija kapiga simu. Watu wamerudishiwa mizigo yao, madeni kayapangia tarehe, Lukumani anavaa koti langu jioni. Nimeapa kwake, kwa Mungu na kwa viatu: biashara ya ndege basi. Nimekwisha. Nimepata funzo.

Tatizo ni jana, kwenye karamu ya kufunga harusi. Kila mtu wa Kisangani aliyepo hapa Ubelgiji analilia kwenda kuona wazazi Desemba, na kila mtu analalamikia bei. Na binamu mmoja wa Amani akasema, bila kujua anasema nini, kwamba watu kumi wakisafiri kwa tiketi ya kikundi, wa kumi na moja huenda bure.

Bure! Sikulala. Hii si biashara ya kilo, hii ni watu, watu wana miguu yao. Mimi nakusanya kumi, natia faida ndogo ya usumbufu, nalipa madeni yote ya Kabondo, na mwakani narudi huku na Khadija nikiwa wa kumi na moja! Mpaka mchana huu nimeshaandikisha wanane. Hamadi ndiye wa kwanza. Kalipa yote taslimu, mkononi, wala hakuuliza sharti hata moja. Kweli tumetoka tumbo moja.