Fainali Ihamishiwe Jumapili Ili Nami Nishambulie

Kwa Katibu,
Ligi ya Wasichana Chini ya Miaka Kumi na Minne,
Migori.

Madam Katibu,

MINTARAFU: KUNYIMWA UJUZI WANGU SIKU YA FAINALI

Pokea heshima zangu, pamoja na pole kwa kazi ya kutuvumilia. Mimi ni Mosoti, muuza viatu vya mitumba na kocha wa Chipukizi wa Sokoni. Fainali yetu na Kehancha mmeipanga Jumamosi, wakati mimi Msabato nitakuwa kanisani. Mshindi ataenda mashindano ya Homa Bay, na wasichana wangu wameshaanza kuazimana mabegi. Naomba mechi ihamishiwe Jumapili kwa sababu hizi:

1. Msimu huu tumecheza Jumamosi tatu bila mimi, tukashinda zote. Jumapili tatu nilikuwapo: tukafungwa tano bila, tukafungwa sita bila, kisha tukatoka sare ya bila kwa bila siku ambayo sauti ilinikauka. Mtu mwenye haraka atasema kosa ni langu. Mimi nasema kushinda bila kocha ni bahati tu, na hatuwezi kupeleka bahati Homa Bay.

2. Mfumo wangu wa kushambulia ni wa kisayansi. Nimeupanga kwa vizibo vya soda juu ya meza ya viatu, na vizibo havijawahi kupoteza mpira. Unahitaji washambuliaji saba. Nani atabaki nyuma, hilo bado nalishughulikia. Jumamosi wao humpigia tu nahodha Akeyo mpira mrefu, naye hukimbia akafunga. Hiyo si mbinu, ni mbio.

3. Ili wapinzani wasituibie siri, maagizo nayatoa kwa Kikisii. Wachezaji wangu ni Wajaluo watupu, isipokuwa Robi, Mkuria, anayeielewa lugha yetu nusu. Nikipaza sauti «igoro», yaani juu, wengine husimama kunitazama na Robi hukimbia nusu ya uwanja. Tulipokutana na Kehancha kwenye ligi, aliyeelewa kila neno ni kipa wao Bochaberi, ambaye mamake ni Mkisii mwenzangu, muuza vitunguu wa huko. Baada ya mechi alikuja kunishukuru. Naomba azuiwe kusikiliza.

4. Ikishindikana, basi magoli yetu yote ya Jumamosi yafutwe. Najua hapo hatutakuwa tumefika fainali, lakini tutakuwa tumekosa kwa utaratibu.

5. Hili ni langu binafsi. Sijawahi kuona goli hata moja la wasichana hawa. Huwa nasimuliwa tu. Inaniuma, Madam.

Nisalimie kamati yote, marefa, na hata yule mshika kibendera aliyeniomba nikae chini.

Wako katika mashambulizi,
Mosoti, Kocha.

Tanbihi: Barua hii ameinakili Akeyo, kwa kuwa mwandiko wangu hausomeki. Alipomaliza aliniuliza, kwa adabu zote, kama Jumapili hiyo ningeweza kwenda kanisani pia. Nikamwambia Jumapili hatuna ibada. Akasema basi anaomba fainali ibaki Jumamosi. Nimeumia, sitakuficha, lakini nawapenda hawa watoto kuliko vizibo. Iacheni Jumamosi. Wakifunga, usimtume mtu kanisani kuniita. Nitasubiri jua lizame, kisha Akeyo aje nyumbani anisimulie goli moja moja, bila haraka.