Nzi Weupe wa Mkuyu wa Mama Mkwe

Jumapili, 2 Machi

Nimeamua kukumbukwa. Miaka kumi na mmoja katika chumba cha wadudu, nikichemsha wadudu wa watu na kuwabandika kwenye vioo, na hata mbu mmoja hana jina langu.

Leo mimi na mke wangu tumekula kwa mama mkwe. Mkuyu wake wa uani umechafuka. Majani yananata na juu yamepakwa ukungu mweusi kama masizi. Analalamika kwamba matone yanadondokea nguo alizoanika, na akijifunika shuka, shuka nayo inamng'ang'ania.

Nikageuza jani. Chini yake, vidoa vyeusi, kila kimoja kimezungushiwa pindo la nta nyeupe kama kofia iliyodariziwa. Nikatikisa tawi, wakaruka nzi weupe wadogo kama ufuta. Pindo la namna ile sijawahi kuliona. Moyo ulinienda mbio hadi nikasahau kunawa.

Nikamwambia mama mkwe, kwa sauti yangu ya kazini, asiukate mti, sayansi inauhitaji. Akanitazama kama anayepima kitambaa akiona hakitoshi.

"Nakupa siku saba, baba," alisema. "Ya nane namwita mwenye msumeno."

Zinatosha. Dunia nzima ilichukua sita.

Jumanne, 4 Machi

Jana saa tatu nzima nikinasa nzi weupe kwa gilasi chini ya mkuyu. Arobaini! Leo nikawapeleka kwa Daktari, mkuu wetu, mama ambaye hapandishi sauti, na ndiyo maana tunamwogopa. Akawatazama kwa heshima, kisha akaeleza kwamba wakiwa na mabawa wanafanana wote kama punje za chumvi. Anayetambulisha aina yao ni buu wa hatua ya mwisho, yule aliyeganda kama kidoa chini ya jani, au ganda tupu analoliacha.

Arobaini wa bure.

Nikamuuliza, kwa niaba ya rafiki, kama mtu anaweza kumpa mdudu jina lake mwenyewe. Akajibu kwamba sheria haimkatazi. Aibu ndiyo inamkataza.

Basi, mpango wa pili: Miwani. Huyu ndiye jirani yangu wa meza, mwenye hadubini nzuri na kiti cha dirishani, vitu viwili ambavyo kwa haki vingekuwa vyangu. Chanda chema huvikwa pete, lakini lazima awepo wa kukivika. Nikamwambia tuandike pamoja maelezo ya mdudu huyu, naye apendekeze jina langu. Akakubali kabla sijamaliza sentensi. Mtu anayekubali haraka hivyo ana lake jambo.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya kuchemsha. Maganda huwekwa katika maji makali ya magadi, moto mdogo, hadi nyama iyeyuke libaki ganda safi linaloonyesha mwanga. Dakika chache tu. Nimefanya kazi hii mara elfu.

Leo nilikuwa namweleza Miwani kwa nini mwandishi wa kwanza ndiye apaswaye kukaa dirishani. Hoja zangu zilikuwa nzuri, zikawa ndefu. Niliporudi, maganda ishirini yalikuwa supu.

Mbio kwa mama mkwe. Alikuwa ameyafagia majani yote na kuyachoma. Ikabidi nipande mwenyewe, na suruali ya kazini. Majirani wakatoka. Mmoja akauliza kwa upole kama nimegombana na mke wangu. Suruali ikapasuka nilipokuwa najibu.

Majani nimepata. Heshima iko kule juu, tawi la tatu.

Alhamisi, 6 Machi

Vioo sita, safi kama machozi! Chini ya hadubini buu ni kitu cha kifalme: ukingo wenye meno madogo yaliyopangwa kama ya msumeno, na karibu na mkia kishimo chenye kifuniko na ulimi, anachotumia kurushia yale matone matamu ya kunata. Kwa hiyo shuka za mama mkwe zinachafuliwa kwa ustadi mkubwa.

Tukapitia vitabu vyote vya jamii hii. Hakuna anayefanana naye.

Kisha tukahesabu nywele za mgongoni. Mimi nikapata kumi na nne upande wa kulia, Miwani kumi na tatu. Nikamwambia wenye macho manne wangeona zaidi. Akapuliza kioo taratibu, akaniambia nihesabu tena.

Wa kumi na nne ulikuwa ukope wangu.

Ijumaa, 7 Machi

Sikulala vizuri. Miwani ananyamaza mno. Nyumba ya jirani ikinyamaza, hesabu kuku wako. Asubuhi nikavificha vioo vyote sita katika sanduku la vyombo vya zamani, na juu nikaandika kwa herufi kubwa: VICHAFU, HAVINA KAZI.

Saa nane nilipovirudia, mama wa usafi, mtu mwenye bidii kuliko sisi wote, alikuwa ameshaviosha, amevifuta na kuvipanga kabatini, viking'aa. Akanieleza kwa furaha kwamba vilikuwa vinanata kidogo, lakini amevishinda.

Nikamshukuru.

Miwani alinikuta nimeketi sakafuni. Nikamwambia kila kitu, hata kwamba nilivificha ili yeye asivione. Akavua miwani, akaisafisha kwa muda mrefu. Akasema alikubali haraka kwa sababu tangu aajiriwe hakuna mtu aliyewahi kumwomba waandike kitu pamoja.

Nikaangalia viatu vyangu.

Jumamosi, 8 Machi

Nilifika kwa mama mkwe saa mbili asubuhi nikiwa na kikapu. Mwenye msumeno alikuwa ameshafika! Ana nafasi leo, kesho hana. Kamba ilikuwa tayari shingoni mwa mkuyu. Nikamkumbusha mama mkwe kwamba leo ni siku ya sita. Akajibu kwamba mvua nayo haisomi kalenda. Nikaukumbatia mti. Sikuwa na mpango mwingine.

Hapo lango likagongwa. Miwani, na nyuma yake Daktari mwenyewe, kwa ndala. Miwani alikuwa amemwambia jana jioni.

Daktari akaomba maji ya kunywa, akaomba ruhusa, ndipo akageuza majani kwa lenzi yake ya mkono. Akamwita mama mkwe atazame. Akamwonyesha maganda yenye mpasuko: humo nzi mweupe ametoka mwenyewe. Akamwonyesha mengine, mengi zaidi, yenye tundu la mviringo: humo nzi ameliwa akiwa mtoto, na aliyetoka ni nyigu mdogo kuliko nukta ya kalamu.

"Mti wako una walinzi, mama," alisema. "Wape miezi miwili. Kamba ya nguo ndiyo ihame."

Mama mkwe akatazama tena kwa lenzi, kwa muda mrefu sana. Kisha akamwambia mwenye msumeno akae anywe chai, na akishamaliza amhamishie ile kamba ya nguo.

Mimi nikaambiwa nishuke. Nilikuwa nimepanda bila kujua.

Jumanne, 18 Machi

Daktari amelinganisha vioo vipya na vya makumbusho yote aliyoweza kuyaandikia. Ni aina mpya! Haijaelezwa popote. Akatuita ofisini. Nilivaa tai.

Akasema jina ameshalichagua. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu ili nisionekane nikicheka.

Amempa jina la mama mkwe, mwenye mti. Mwandishi wa kwanza ni yeye Daktari, wa pili Miwani. Mimi wa tatu, nyuma, kama gurudumu la akiba. Daktari akaongeza kwamba majina ya waandishi hufuatana na la mdudu milele, kila atakapotajwa. Sikusikiliza sana.

Mama mkwe kaambiwa jioni. Aliuliza kwanza kama ni mdudu mwema au mbaya. Daktari akajibu kwamba ana tabia ya kunata, lakini kuna nyigu wadogo wanaomdhibiti. Mama mkwe akanigeukia, akasema anaielewa hali hiyo. Sasa mtaa mzima unajua. Muuza mkaa amemwamkia mara mbili.

Alhamisi, 20 Machi

Nimepata wazo. Yule nyigu! Naye huenda hana jina.

Mtaalamu wa nyigu hao yuko ng'ambo, mzee mmoja tu, na Daktari atamtumia sampuli mwezi ujao. Mimi nimemwandikia leo, binafsi, bila kumsumbua Daktari wala Miwani kwa habari hizi. Barua ya kiungwana, kurasa nne. Sikuomba chochote. Jina langu nimelitaja mara tisa tu, ili asije akakosea herufi.