Mboga Niliyoileta Ina Miguu

Kasongo, Alhamisi

Kwa Bwana Direkta Placide, mkuu wa shule yetu,

Pokea kwanza heshima zangu zote. Mimi ni Théophile, baba yake Grâce wa mwaka wa tano na jirani yako wa ng'ambo ya barabara. Nakuandikia kwa uchungu. Nasikia kamati ya wazazi imeamua kwamba Jumamosi, siku ya salongo, kazi yetu ya pamoja, tukishamaliza kulima bustani ya shule, jogoo wangu Inspekta ataingia sufuriani. Naomba aachiliwe. Sababu zangu ni hizi:

1. Mwalimu Christophe alipita mitaani na megafoni akitangaza: «Kila muzazi alete mboga kwa jardin ya masomo!» Bustani aliitaja, lakini hakusema mbegu. Hakusema miche. Na kwetu mboga ni chochote kinachosindikiza ugali wetu wa bukari: sombe ya majani ya muhogo ni mboga, samaki ni mboga, na kuku ni mboga ya heshima. Sikuwa na kitu bora kuliko Inspekta. Nilimleta, mkanipigia makofi.

2. Mama Fatuma wa Nyangwe alileta samaki wa kukaushwa. Hakuna aliyemuuliza watapandwa kwenye tuta gani. Walimu waliwala, na leo anaitwa mfadhili.

3. Ni kweli Inspekta alichakura miche ya kabichi, ambayo mbegu zake mzazi mwenzetu Ushindi alitutumia kwa pikipiki kutoka Salamabila. Lakini nani alimfungulia bustanini? Watoto wakichimbua udongo mnawaita wakulima wa kesho. Yeye akichimbua kwa kucha zake mwenyewe, bila kuomba jembe la mchango, mnamwita mharibifu. Wahenga walisema jogoo la shamba haliwiki mjini, hawakusema lisichakure.

4. Hakusikilizwa. Hata mwizi wa baiskeli hujitetea mbele ya chifu.

5. Tangu mumfunge kamba kule stoo hawiki tena, na mtaa mzima unachelewa kuamka. Wewe mwenyewe Jumatatu nilikuona unakimbia huku unafunga vifungo vya shati. Kwa hiyo kumwachilia tu hakutoshi. Apewe kazi ya kengele ya shule, kibanda cha mabati, mahindi kila asubuhi, na cheo cha naibu wako. Mkikataa, nitapanda baiskeli hadi Kindu nikamlete inspekta wa kweli. Na huyo akifika, mtamchinjia kuku gani?

Bwana Direkta, nisikufiche: nampenda jogoo yule. Alianguliwa chini ya kitanda chetu mwaka ule Grâce alipoanza masomo, na mtoto alijifunza kusoma daftari mkononi huku akimfuata uani. Sasa Grâce analia pande mbili, kwa jogoo na kwa kabichi, maana kabichi zile yeye ndiye aliyekuwa akizimwagilia. Mimi baba yake sijui nimbembeleze upande gani.

Nakuachia uamuzi, nikiamini moyo wako ni laini kuliko nyama ya jogoo wa umri ule. Nisalimie walimu wote, kamati nzima, Mama Fatuma, Mwalimu Christophe na megafoni yake, na kabichi zilizosalia.

Mimi mzazi mwenzenu,
Théophile

N.B. Nikiwa nafunga bahasha, Inspekta amerudi mwenyewe, kipande cha kamba mguuni. Nilimkumbatia. Nikaingia ndani kumtafutia mahindi, na nilipotoka alikuwa ameshachakura miche yote ya mchicha wa lengalenga ambayo Grâce aliiotesha nyuma ya nyumba, kwa siri, ili Jumamosi aifidie shule kabichi zake. Grâce ndiye aliyemkamata. Hakulia. Aliniuliza tu sufuria ya shule ina mfuniko au haina. Basi futa namba moja hadi tano. Jumamosi tunakuja sote, na mimi naleta mboga.