Kilo Sitini na Nane

Jumatatu, 4 Machi

Mkurugenzi katuita ofisini, mimi na Mzee Taratibu. Kasema kampuni haiwezi tena kuweka madereva wawili kwenye njia ya milimani. Atakayetumia mafuta kidogo kwa wiki mbili atabaki na njia. Mwenzake atahamia ghalani kupanga maboksi ya dawa za mifugo. Ghalani! Mimi!

Magari yetu ni pacha, hata mikwaruzo inafanana. Njia ni ile ile. Yeye hutoka saa moja asubuhi, mimi saa mbili. Taratibu amebakiza miaka miwili astaafu na anaendesha kama aliyepakata mayai. Nimemhurumia. Mashindano yameisha kabla hayajaanza.

Jumanne, 5 Machi

Nimepunguza uzito. Tairi la akiba, nje. Jeki, nje. Mazulia, kitabu cha gari, kisahani cha majivu, vyote nje. Mke wangu kauliza tangu lini sebule yake imekuwa gereji. Nimemjibu ni sayansi. Chai nayo sikunywa. Kikombe kizima cha maji tumboni, cha kazi gani?

Nimesikia tairi laini linakula mafuta. Basi nimeyajaza matairi upepo mpaka yakawa mawe. Gari limeruka kila kokoto. Chupa kumi na moja za dawa ya kupe zimepasuka. Nanuka josho. Na mafuta nimemzidi Taratibu, yaani kwa kuyatumia! Haiwezekani.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata dawa! Kuna ule mteremko mrefu, kilomita tisa. Kwa nini injini ifanye kazi wakati mlima wenyewe unakusukuma?

Nikazima injini kule juu.

Kimya. Hujui injini ina kelele kiasi gani mpaka inyamaze. Upepo tu, na kokoto chini ya tairi. Usukani ukawa mzito. Breki zikawa ngumu, kama nakanyaga ukuta. Kona ya pili nimeipita kwa kudra tu. Chini kabisa gari likapunguza mwendo lenyewe, likasimama mbele ya kile kibanda cha kizuizi cha zamani, kisicho na paa. Sikugusa breki.

Ukungu ulikuwa umetanda. Kabla sijawasha, nikasikia mlango wa nyuma unafunguka. Ukafungwa kwa upole, kama afungavyo mtu mwenye adabu. Gari likazama kidogo upande wa kushoto.

Nikageuka. Hakuna mtu.

Upepo, bila shaka. La muhimu ni kwamba kilomita tisa zimekwenda bila tone!

Alhamisi, 7 Machi

Gari linapanda kwa kuhema. Kioo cha nyuma, kushoto, kina mvuke kwa ndani, duara dogo kama kiganja. Nimefuta. Umerudi. Unakuja, unafifia, unakuja, kwa mwendo wa mtu anayepumua.

Kiti cha nyuma kimebonyea. Nimekipigapiga kikainuka. Nilipotazama tena kwenye kioo cha dereva, kilikuwa kimebonyea.

Mafuta: mabaya kuliko jana. Hilo ndilo linalonitisha.

Ijumaa, 8 Machi

Kwa fundi. Kakuta kichungi cha hewa kimejaa vumbi. Kakuta breki za nyuma zinashika hata nisipozikanyaga, kasema ni sawa na kukimbia huku umeshikwa shati. Karekebisha vyote, kapunguza na upepo wa tairi. Nimetoka nikipiga mluzi.

Kilomita tano mbele, nikanyamaza. Mluzi ukaendelea kidogo.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeamua kujua ukweli. Nimelipandisha gari kwenye mizani ya ghala. Gari tupu ni kilo 1,140. Mimi ni 81. Hesabu ya mtoto wa chekechea.

Mizani ikasema 1,289.

“Mwambie abiria wako ashuke kwanza,” kasema mama mtunza ghala bila kuinua macho.

Nikamwambia niko peke yangu. Akainua macho. Akalitazama gari kwa muda mrefu. Mimi nikashuka. Mizani: 1,208.

Mama wa watu ana moyo. Alikwenda mwenyewe akafungua mlango wa nyuma, akasimama kando. Namba zikashuka hadi 1,140. Vumbi la sakafuni likatikisika hapo mbele yetu, mahali pa nyayo mbili. Kisha gari likazama, namba zikarudi 1,208.

“Amepanda tena,” kaninong'oneza.

Kilo sitini na nane! Ndiyo maana nashindwa! Nimefurahi kujua si kosa langu.

Jumanne, 12 Machi

Nimemeza kiburi, nimemfuata Taratibu. Nilipofika kwenye kibanda katika kusimulia, kaweka kikombe chini.

“Mdogo wangu, ulizima injini pale?”

Nikakubali. Kanisimulia kwa sauti ndogo. Kabla sijaajiriwa kulikuwa na dereva mwenzake kwenye njia hii, mtu mwembamba, mpole, mwenye kupenda sana kubana mafuta. Alikuwa akizima injini kwenye ule mteremko. Siku moja breki zilikataa kona ya pili. Tangu hapo, kasema, Mwenzetu anakaa pale chini kibandani. Magari yenye muungurumo huyaacha yapite. Likija lililo kimya, anadhani limetumwa kumchukua.

Halafu kanieleza kwamba kuzima ni hasara tupu. Ukishuka na gia, mguu ukautoa kwenye mafuta, injini za siku hizi hazijipi hata tone. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha, na breki zinabaki hai. Kaeleza kwa kirefu. Nimeitikia kwa kichwa kila palipofaa.

Nilikuwa nawaza: kilo zote hizi zingekuwa kwenye gari LAKE?

Jumatano, 13 Machi

Baada ya kazi nimeegesha ubavuni mwa gari la Taratibu. Milango ya nyuma nimeifungua yote miwili, inatazamana. Nikasafisha koo. Nikamwambia Mwenzetu kwamba kiti cha pale ni laini zaidi, na dereva ni rafiki yake wa zamani.

Nikasubiri. Mkono wangu ukapitiwa na baridi, kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Gari langu likainuka. La Taratibu likazama.

Nimecheka njia nzima. Mke wangu kaniambia nikiingia ndani nicheke taratibu, natisha.

Alhamisi, 14 Machi

Taratibu kafika, kalitazama gari lake, kanitazama mimi. Hakugomba. Kafungua mlango wa nyuma, kasema, “Habari za siku nyingi, ndugu yangu,” kaweka mto mdogo kitini, kaondoka kwa mwendo wake ule wa mayai.

Mimi mwepesi kama unyoya! Nimeyapita malori saba. Nakanyaga, nafunga breki, nakanyaga.

Jioni Taratibu karudi, gari lake limeinuka. Kasema amemfikisha Mwenzetu kibandani, akakaa naye kidogo, akamwomba radhi kwa niaba yangu. Macho yake yalikuwa mekundu.

Asubuhi nzima alikuwa na mtu wa kilo sitini na nane, na bado ametumia lita tatu pungufu yangu. Pampu ya kampuni imeharibika. Hakuna maelezo mengine.

Ijumaa, 15 Machi

Nimeshindwa. Mkurugenzi kasema magari ni yale yale, tofauti ni mguu. Kasema nakanyaga mafuta kama naua mende, kisha nayatupa yote kwenye breki. Taratibu anaiona kona ikiwa mbali na kuinua mguu mapema.

Jumatatu naanza ghalani. Ndipo Taratibu akasimama, akaomba njia ya Jumamosi niachiwe mimi, kwa sababu yeye amechoka na mimi napenda barabara. Mkurugenzi kakubali. Nimemshika mzee mkono kwa mikono yangu miwili. Kaniomba kitu kimoja tu: nishuke na gia.

Nimeapa.

Jumamosi, 16 Machi

Wote wamekosea! Nimewaza tangu asubuhi. Uzito unaumiza wakati wa kupanda, sawa. Lakini kushuka? Kizito ndicho kinachoserereka mbali! Nilikuwa na hazina kiti cha nyuma, nikaigawa kwa mpinzani.

Nimezima injini kule juu. Kona ya pili, sitaki kuizungumzia. Gari limesimama mbele ya kibanda. Mlango ukafunguka, ukafungwa. Nimemkaribisha Mwenzetu, nimemtaka radhi, nimemweleza mpango: ninampandisha hadi juu, halafu tunashuka wote bure. Nikamuuliza kwa adabu kama ana jamaa wengine hapa chini.

Mlango umefunguka tena. Ukafungwa. Ukafunguka.

Naandika haya juu ya usukani huku nikingoja. Wa tano amekosa nafasi nyuma. Nimemwondolea makaratasi kwenye kiti cha mbele.