Heshima ya Kushinda Kamba

Kwa niaba ya Serikali Tukufu ya Kijerumani, na kwa niaba yangu mimi Stambuli, akida wa njia nzima ya Mkuyuni, nina furaha kutangaza kwamba tatizo la vijana wa Uluguru kukosa kujiamini limekwisha. Limekwisha kabisa. Wale wanaosema limekwisha vibaya naomba wanyamaze kwanza, wasikilize maelezo ya mtu aliyekuwepo.

Tatizo lenyewe liligunduliwa na Bwana Krauze, mkuu wa boma letu dogo la mlimani, asubuhi moja alipokuwa akichagua wachukuzi wa mizigo. Alimwuliza kijana mmoja jina lake. Kijana akatazama chini. Bwana akauliza tena kwa sauti ya kutia moyo, ile inayosikika hadi ng'ambo ya mto, na kijana akatazama chini zaidi. Sokoni walisema kijana alitazama chini kwa sababu mwenzake wa mbele alimtazama Bwana usoni, akalazwa chini akala viboko hamsa ishirini. Watu wa sokoni hawana elimu ya kuchunguza mambo. Boma lilichunguza, likaona kwamba kijana hajiamini.

Basi ukazaliwa Mpango wa Kukuza Ujasiri na Ujuzi wa Vijana kwa Njia ya Michezo na Ulezi. Jina hilo nililitafsiri mimi. Kwa Kijerumani ni neno moja tu, lakini Bwana akilitamka humbidi kupumzika katikati.

Michezo maana yake ilikuwa kuvuta kamba, kwa kuwa boma lilikuwa na kamba. Ulezi maana yake kila upande upewe mtu mzima wa kuwafunza vijana kusimama wima, kumtazama mtu machoni, kutaja jina lao na kusema haja yao kwa sauti. Vijana wa koo za mlimani wangevutana na vijana wa koo za bondeni siku ya kuzaliwa Kaisari, mjini Morogoro, kwenye uwanja ulio karibu na kituo cha reli. Upande utakaoshinda ungepewa heshima ya kupanda gari la moshi siku hiyo hiyo, kwenda kujenga reli mbele ya Kilosa. Upande utakaoshindwa ungerudi nyumbani na aibu yake.

Nilipotangaza tuzo hiyo pale Mkuyuni, watu walinyamaza kimya kabisa. Nikajua wameguswa.

Heshima yenyewe haikuwa ngeni kwao. Msimu uliopita aliipata Agustino wa koo za mlimani. Aliipenda hata hakurudi. Lilirudi blanketi lake, limekunjwa vizuri, na boma halikuwatoza ndugu zake chochote kwa kulibeba. Mdogo wake, Yakobo, ndiye aliyekuja kulipokea. Alisimama mbele yangu akatazama vidole vya miguu yake, akasema asante kwa sauti ambayo hata nzi asingeisikia. Nikamwambia Bwana: huyu ndiye hasa tunayemtafuta. Yakobo akawekwa wa kwanza kwenye kamba ya upande wa mlimani.

Alikuja kunisihi. Alisema amekwisha kumchumbia Scholastika, padre ameshatangaza ndoa yao kanisani, wanangoja Pasaka tu. Alisema mama yao amebaki naye peke yake, na bustani ya kabichi ile pale juu haiwezi. Nilimweleza kwa upole kwamba heshima ya Serikali haiangalii mambo ya kabichi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wapinzani wangu wamelikuza kupita kiasi. Bwana Krauze alitaka walezi wasiowaonea vijana huruma, maana ndugu hudekeza. Akaniuliza mimi, kama mtaalamu wa mila: ni nani hapa asiyemwonea mwenzake haya wala huruma, na akisema lolote mwenzake hakasiriki? Nikajibu bila kusita kwamba hao ni watani. Koo za mlimani na koo za bondeni ni watani tangu zamani. Wakikutana njiani hutukanana hadi wacheke, wakizikana hutaniana makaburini, na mtani akipenda kitu chako anakichukua, wala hakuna baraza la kumshitaki. Mimi ni mtu wa pwani, mambo hayo nayaona ya porini kidogo, lakini kwa mujibu wa mahitaji ya Mpango yalifaa kabisa.

Kwa hiyo vijana wa mlimani wakapewa Mzee Kibwana wa bondeni, na vijana wa bondeni wakapewa Bibi Magdalena wa mlimani. Bwana alifurahi sana. Alipenda hasa pale nilipomweleza kwamba maneno ya mtani husikilizwa hata mahali ambapo wengine wote wamenyamazishwa. Akasema kama ni hivyo yeye mwenyewe awe mtani wa koo zote mbili, Mtani Mkuu wa wilaya. Niliona ni cheo kizuri. Ikafanyika sherehe ndogo mbele ya boma. Kibwana akampaka Bwana unga kwenye masharubu, Magdalena akamvua kofia yake kubwa ya jua akaivaa yeye, watu wakashangilia. Bwana alisubiri arudishiwe kofia. Hajarudishiwa mpaka leo.

Mazoezi yakaanza. Nilikwenda kuyakagua nikiwa juu ya punda, na niliyoyaona yalinitia moyo.

"Wewe Dadi!" Magdalena alikuwa akimfokea kiongozi wa vijana wa bondeni, kofia ya Bwana ikimfika kwenye nyusi. "Shingo hiyo umeazima kwa bata? Inua uso nikutukane vizuri!"

"Shikamoo, bibi," akajibu Dadi, kifua mbele, macho kwa macho. "Uso nimeinua. Lakini wako una mikunjo mingi, sijui nitazame kwenye mkunjo upi."

"Marahaba! Huyo sasa ni mtu. Anayefuata!"

Upande wa pili Kibwana alikuwa na Yakobo.

"Sema jina lako."

"Yakobo."

"Sisikii. Mbuzi wangu ana sauti kuliko wewe, na Scholastika akijua atamchagua mbuzi."

"Naitwa Yakobo! Na huyo mbuzi wako, mzee, ndiye anayekuombea chakula nyumbani kwako!"

Wote wakaangua kicheko, na Yakobo naye akacheka. Nilikuwa sijapata kumwona akicheka tangu blanketi lile. Niliandika moyoni kwamba ulezi unaendelea kwa mafanikio.

Mazoezi ya kamba tu ndiyo yaliyonitatiza. Kamba ilifungwa kwenye mti, na vijana badala ya kuivuta walikuwa wakiifuata, hatua kwa hatua, mpaka wanagusa mti kwa pua. Nikamwuliza Kibwana ni mbinu gani hiyo.

"Hatua ya kwanza, akida," akasema. "Tunaizoesha kamba isiwaogope."

Niliridhika. Sina tabia ya kuwaingilia wataalamu.

Siku ya Kaisari ikafika. Tuliteremka Morogoro na bendera, na ngoma, na Ombasha Yunusi na askari wake wakiwa wamepiga viatu dawa. Mvua ilikuwa imenyesha na uwanja ulikuwa tope. Kwenye reli palikuwa na behewa moja tupu, mlango wazi, likingoja washindi. Na kwenye kiti cha wageni alikaa Bwana Mkaguzi kutoka Dar es Salaam.

Kuja kwa Mkaguzi kulikuwa na sababu. Mapadre walikuwa wamepeleka malalamiko kwamba boma fulani linakamata vijana kwa nguvu na kuwasukuma waende reli. Mkaguzi alitumwa aone kwa macho yake. Ikiwa ni kwa nguvu, mkuu wa boma hilo angevuliwa cheo. Ikiwa kweli ni heshima inayogombaniwa, Mpango ungeenezwa koloni zima, na Bwana Krauze angepandishwa. Na mimi nyuma yake, kwa kadiri ya staha yangu.

Bwana alihutubia. Alisema hakuna heshima kubwa kuliko ile ya reli, kwamba hata yeye mwenyewe huwaonea wivu wanaoipata. Mkaguzi akaitikia kwa kichwa. Filimbi ikalia.

Mabibi na mabwana, nimeona mambo mengi katika utumishi wangu, lakini sijaona adabu kama ile. Upande wa mlimani walikwenda mbele. Upande wa bondeni nao walikwenda mbele. Kamba ikalala chini katikati.

"Karibuni," akasema Yakobo.

"Aa, karibuni nyinyi," akasema Dadi. "Sisi tumefika."

"Haiwezekani, wageni wetu. Vuteni."

"Tuvute mbele yenu, watani? Mtatuonaje?"

Wakafika wakakutana vifua, kila upande ukiusukumia mwenzake kamba, na filimbi ya Yunusi ikilia mpaka ikakauka. Mkaguzi akatoa saa yake akaitazama. Uso wa Bwana ukabadilika rangi mara mbili.

"Hawajui!" akapiga kelele. "Wana moyo, lakini hawajui kuvuta! Nitawaonyesha!"

Akavua koti. Akashika ncha ya kamba, akaniamuru nishike nyuma yake, na nyuma yangu Yunusi na askari wote na tarishi wa boma. Ncha ya pili wakapewa vijana wa pande zote mbili kwa pamoja. Nilitaka kusema kwamba mimi kiuno changu ni cha kiofisi, lakini nafasi haikupatikana.

Magdalena akatoka mbele ya umati. "Mtani!" akamwita Bwana. "Mikono hiyo laini utavuta nini? Hata kabichi yangu haitoki kwako!"

Umati ukacheka. Nikamtafsiria Bwana, maana ndiyo kazi yangu. Akavuta kama mtu aliyepagawa. Vijana walikaza kidogo, misuli ikatutumka, meno yakauma midomo. Kwa mara ya kwanza siku ile niliona wanajua kabisa kamba ni nini. Kisha, polepole na kwa ufundi, wakaja. Tukarudi nyuma hatua, tukarudi tena, halafu tukaanguka chali kwenye tope, Bwana juu yangu na mimi juu ya Yunusi.

Bwana akainuka wa kwanza, tope hadi masikioni, akanyoosha mikono juu kuwaelekea wageni.

"Boma limeshinda!" akanguruma.

Vigelegele vikapasuka uwanja mzima. Sijapata kusikia watu wakishangilia ushindi wa Serikali kwa moyo namna ile.

Mkaguzi akarudisha saa mfukoni. "Vizuri," akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Washindi wapande. Gari linaondoka."

Bwana akacheka, akasema huo ulikuwa mfano tu. Mkaguzi hakucheka. Na hapo ndipo Yakobo alipotoka kwenye mstari. Alitembea hadi mbele ya Bwana, akasimama wima, akamtazama machoni. Nilimwona mama yake kule nyuma akijifunika mdomo kwa kanga. Yunusi akapapasa kiboko chake, hakukipata. Magdalena alikuwa amekipenda tangu asubuhi.

"Naitwa Yakobo," akasema, na sauti ilifika hadi kwenye behewa. "Ndugu yangu alikuwa Agustino. Nina swali, mtani. Kwenda reli ni heshima?"

Kwa desturi angekula hamsa ishirini kabla hajafika kwenye swali. Lakini Bwana alikuwa mtani wake, kwa sherehe na kwa unga, mbele ya mashahidi, na mimi ndiye niliyemweleza kwamba mtani hakasirikiwi. Tena Mkaguzi alikuwa ameinama mbele kwenye kiti chake.

"Ni heshima," akasema Bwana.

"Hata wewe unaitamani? Umesema unawaonea wivu."

Bwana akamtazama Mkaguzi. Mkaguzi alikuwa akimtazama yeye. Tope lilianza kukauka masharubuni mwake.

"Naitamani," akasema.

"Basi hongera," Yakobo akasema. "Umeipata. Sisi tutarudi nyumbani na aibu yetu."

"Kama si heshima," Mkaguzi akasema taratibu, "niambie sasa hivi, niandike."

Bwana alichukua koti lake, akaelekea kwenye behewa mgongo umenyooka, nasi tukamfuata, mimi na Yunusi na askari na tarishi wa boma. Nilijaribu kumweleza Mkaguzi kwamba mimi nilishika kamba kwa muda tu, kama mfasiri. Akaniuliza kama ningependa kutoa ushahidi kwamba ni kwa nguvu. Nikapanda.

Likatokea tatizo moja la kiufundi. Injini ilikuwa mbele kidogo na behewa letu lilikuwa limekwama kwenye reli, halikusogea. Mkaguzi akauliza kama wapo watu wa kulisukuma hadi kwenye injini. Hakuita askari, na hata angewaita, askari wote walikuwa ndani. Vijana wa mlimani na vijana wa bondeni walikuja mbio, Yakobo na Dadi mbele, Kibwana na Magdalena nyuma, na Scholastika katikati akikunja kanga. Wakaweka mabega, wakaitikia wimbo, wakasukuma kwa nguvu zao zote.