Sarafu ya Shimo la Choo

Jumatatu, 6 Agosti 2001
Siku ya nne bila mke. Choo chetu kilibomoka, Mwantum akaenda kwa mama yake Buyenzi. Huko Arusha wakubwa wanajadiliana jinsi ya kumaliza vita vyetu. Mwantum hataki majadiliano, anataka choo. Leo nimeanza kuchimba, mpakani na jirani yangu Hamimu, fundi magari. Shimo lilipofika kiunoni, jembe likatoa sarafu ya fedha, nyembamba, yenye maandishi ya Kiarabu. Choo kisubiri!

Jumatano, 8 Agosti
Amekuja Salvator, mtaalamu wa mambo ya kale, na wenzake wawili. Wameipima sarafu uzito, wameichora, wameipiga picha. Amesema ina miaka kama mia saba na ni mali ya taifa. Basi, angalau jina la mwenye kiwanja liandikwe daftarini. Hapo Hamimu akadai shimo limeingia kwake hatua mbili. Kweli limeingia. Lakini watalii waje huku kwetu Bwiza kumpiga picha Hamimu na grisi yake? Salvator atarudi Jumamosi kupima mpaka.

Ijumaa, 10 Agosti
Hamimu alikwenda msikitini. Mimi nikahamisha ua wa mabati wa mpakani hatua tatu, kuingia kwake. Sala imenipita. Mungu ataelewa, mabati yalikuwa mazito.

Jumamosi, 11 Agosti
Ushindi! Salvator ameandika: kiwanja cha Anouar. Hamimu hakubisha hata kidogo. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Salvator akaeleza kwamba kiwanja kilichoandikwa hakichimbwi tena, hata kwa kijiko, mpaka wataalamu wachimbe wenyewe, vita vikiisha. Nikamuuliza vitaisha lini. Akaniuliza kama sina redio. Hamimu alicheka mpaka akakaa chini. Nimemkumbuka sana mke wangu leo.

Jumatatu, 13 Agosti
Hamimu na mafundi wake wamechimba shimo la choo upande wao. Kesho wanalifunika. Amenipigia hodi mwenyewe, akasema: “We Anouar, mi siko na kinyongo. Muke wako akuje tu, choo ni yetu wote.” Mwantum amepata habari, ametuma neno kwamba anarudi kesho kutwa.

Nilipaswa kufurahi. Lakini mke wangu, chooni kwa Hamimu? Mtaa mzima utasema nini? Nimevua pete yangu ya ndoa, ya fedha, nikaipaka tope, nikaitumbukiza shimoni kwake. Natoka sasa hivi kumwita Salvator.