Kigoda Kitatajwa kwa Jina

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mjukuu wangu karudi kazini uso umemshuka mpaka kifuani. Sikumuuliza kitu. Mwenye njaa haulizwi, hulishwa. Sahani ilipobaki nyeupe ndipo nikamwambia haya, mke mwenza, toa. (Babu yake, Mungu amrehemu, alikuwa akimwita mke wangu mdogo. Na mimi nikalishika hilo hilo.)

Akatoa. Kazi yake ni kutengeneza tovuti, zile kurasa za kwenye simu ambazo mtu anaonyeshea biashara yake. Kumbe tovuti haielei hewani. Inakalia mfumo unaoiendesha. Duniani kuna mfumo mmoja mkubwa, mimi nimeuita Jitu. Katika kila tovuti kumi, nne na ushee zimelikalia Jitu. Nyingine zimegawana mifumo midogo midogo, na nyingine hazina mfumo wowote, zimeandikwa kwa mkono mwanzo mwisho, na hizo kila mwaka zinapungua. Halafu kuna mfumo alioutengeneza mjukuu wangu mwenyewe, kwa vidole hivi nilivyovikata kucha. Anauita Kigoda. Kidogo, chepesi, unakivuta unakaa.

Sasa bosi wake amechoka kukibeba. Kuna watu ambao riziki yao ni kuhesabu tovuti za nchi nzima na kuchora chati: huyu ana fungu hili, yule ana lile. Mfumo wenye fungu dogo hawautaji jina, wanautupa kwenye kapu la chini linaloitwa Mengineyo. Chati mpya inatoka Ijumaa ya wiki ijayo. Bosi amesema Kigoda kisipotajwa kwa jina, wateja wote wanahamia kwenye Jitu, na mjukuu wangu anapelekwa kupokea simu za malalamiko.

Mengineyo! Damu yangu iitwe Mengineyo!

Nikauliza kimepungukiwa na nini. Akasema tovuti kama arobaini hivi, Bibi, lakini ni mlima. Nikamwambia asinune, kununa kunakunja uso bure. Mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita. Herufi nilizivuta mojamoja kwenye madaftari ya wanangu wakati wao wakidhani nawasimamia. Lakini kukusanya watu sijawahi kuhitaji mwalimu.

Mpango ninao.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mpango ni huu. Fungu ni dogo? Liongezwe.

Mjukuu aliniwekea tovuti ya mito yangu juu ya Kigoda, maana nashona mito na magodoro ya watoto. Ndani yake kuna kitufe chenye alama ya kujumlisha. Ukikibonyeza, ukurasa mpya unazaliwa mzima, una mlango na madirisha, unabaki kuandika jina tu. Mjukuu sijamwambia. Jambo la kumfurahisha mtu haliombewi ruhusa.

Nimeanza na fundi viatu wa pale kona. Akasema hahitaji, viatu vyake vinajulikana mtaa mzima. Nikamwambia kwa harufu, ndiyo. Akacheka mpaka nyundo ikamponyoka, akanipa simu. Nikabonyeza. Akatokea, jina lake kubwa juu. Akalitazama muda mrefu kama mtu aliyeletewa mtoto.

Kisha mchonga funguo. Muuza maua. Dada wa duka la dawa. Fundi saa, ambaye alichelewa. Kinyozi alitoa sharti, bila picha za kazi yake hataki. Nikamwambia weka picha zote unazozitaka, nyumba ni yako.

Bi Sufuria kakataa. Huyu ni jirani yangu, tunatenganishwa na ukuta mmoja na mambo mengi. Anauza vyombo. Tovuti yake imetengenezwa na mkwewe, na imekaa juu ya Jitu. Kanitazama kuanzia kilemba hadi kandambili, akasema mwenzangu, mimi nimekaa na wengi, anayekaa na wengi hapotei.

Nikamwambia nzi nao ni wengi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Vita.

Bi Sufuria kamleta mkwewe na kompyuta yake, kamkalisha mlangoni pa duka, anagawa kurasa za Jitu kwa kila apitaye. Za kwao zina madoido. Kuna sufuria inayozunguka yenyewe. Watu wamejaa. Namchungulia fundi viatu, naye yumo, kakunja mikono, anaitazama sufuria kama kuku anayetazama mnyoo.

Nikavuka. Nikasimama ubavuni kwake nikamnong'oneza kwamba sufuria inayozunguka haiivishi. Hakunisikia. Lakini mkwe mwenyewe akajiponza. Kaanza kueleza kwamba juu ya Jitu huwekwa nyongeza. Nyongeza ya picha, nyongeza ya ulinzi, nyongeza ya kuongeza kasi iliyopunguzwa na nyongeza. Kila moja inadai kusasishwa, na usiposasisha mwizi anaingia. Fundi viatu akauliza nani atasasisha. Mkwe akasema mimi. Fundi viatu akauliza, na nikitaka kubadilisha saa za kufungua? Mkwe akasema, unaniita.

"Kila siku?" akauliza fundi viatu. "Mimi nafungua kulingana na magoti."

Karudi kwangu. Leo ukurasa wake umeandikwa hivi, kwa kidole chake mwenyewe: *Kesho saa nne, magoti yakikubali.* Na muuza maua kaona, naye kaanza kuandika maua ya siku. Fundi saa kaandika samahani.

Nimepanda kiti nikamwambia Bi Sufuria, juu ya ukuta, kwamba tunakaribia arobaini. Kajibu kwa kugonga kifuniko. Mimi nilizaa watoto watano, na sikuwahi kusikia sauti tamu kama ile.

Najivuna? Najivuna. Nani ana kazi kama yangu?

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Kinyozi ametuua.

Kumbe alilichukulia neno langu kwa moyo mmoja. Kila kichwa anachokinyoa anakipiga picha mbele, nyuma, juu ya sikio la kulia na juu ya sikio la kushoto. Picha ndogo hazitaki, anasema hazionyeshi mstari. Kaweka kubwa, kubwa kama kitanda. Habari zikaenea, watu wakaja kunyolewa ili wawekwe. Wenye vipara nao wakaja. Leo asubuhi mashine inayotunza tovuti zote za Kigoda imeshiba mpaka ikafunga mdomo. Hoteli, zahanati, duka la mbao, wateja wote wa ofisi wamegeuka ukurasa mweupe. Aliyetaka kuagiza chumba kapata weupe. Aliyetaka mbao, weupe.

Mjukuu alikuwa anafua. Bosi kampigia, kaacha nguo kwenye povu, kafungua kompyuta, kaanza kutafuta kilichoziba. Kisha kaja jikoni taratibu, simu mkononi, kanionyesha.

"Bibi, hiki kisogo ni cha nani?"

Sikudanganya. Nikamwambia ni cha dereva wa lori la mchanga.

Akavuta kiti. Akapitia kurasa zote, mmoja baada ya mwingine, fundi viatu, funguo, maua, saa, mpaka mwisho. Nilingoja anikumbatie. Badala yake kafunika uso kwa viganja vyenye sabuni.

"Zote umezifungua chini ya anwani yako, Bibi. Wahesabu wanahesabu mlango wa nje. Vyumba hawavihesabu."

Nikauliza kwa hiyo watu wangu wote wale ni wangapi. Akasema mmoja. Fundi viatu, kinyozi na vichwa vyake, dada wa dawa na dawa zake, wote pamoja ni mto mmoja.

Nikasema basi hao wahesabu hawajui kazi, hata mgeni akija nyumbani anasalimia kila chumba. Hakucheka. Kaniambia jambo jingine, huku anatazama sakafu. Kwamba zamani mito yangu ilipokuwa juu ya Jitu, nilikuwa nampigia kazini kila nikitaka kubadilisha neno. Kisha nikaacha kumpigia, nisimsumbue. Tovuti ikakaa mwaka mzima inatangaza godoro nisilolishona tena, na watu wanakuja kuliulizia na mimi nawaomba radhi. Ndipo akaanza kutengeneza Kigoda.

"Nilitaka kitu ambacho ukikitumia hutanihitaji."

Nikamwambia hilo ni tusi. Nisikuhitaji! Nikamwekea chai, nikaitia sukari mara mbili, nikaenda kumalizia nguo zake nje. Povu lile lilikuwa kali, limeniingia machoni.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Bosi kaamuru kurasa zote za mtaani zifutwe leo. Nimekwenda na mjukuu ofisini. Sikualikwa. Alitembea mbele kama hanijui, nami nikamfuata kama deni.

Ofisi ina mlango wa kioo ulioandikwa vuta, nami nikausukuma, ukafunguka. Nikajua hapa hata mlango haujui upande wake. Wakanipa kiti chenye magurudumu. Nikakikataa, mimi sikai juu ya kitu chenye nia ya kuondoka. Bosi ni kijana, shati limempiga pasi yeye badala ya yeye kulipiga. Lakini kalelewa. Kaniamkia, nimeitikia, kaniita Mama. Kasema anaheshimu juhudi zangu, ila ile asubuhi ya weupe imemtia aibu kwa wateja, na kurasa lazima ziondoke.

Nikamwambia ziondoke. Lakini nyumba ya mtu haibomolewi akiwa kazini. Mpigie fundi viatu umwambie kwa mdomo wako.

Kadhani ni jambo dogo. Kapiga, kaweka sauti ya kusikika. Fundi viatu alikuwa na misumari mdomoni, tulimsikia akiitema. Bosi kaeleza. Fundi viatu kasema hapana. Si kwa ukali, kasema hapana kama mtu anayekataa soda. Kaeleza kwamba watu wa mtaa wa nyuma, ambao walikuwa wakimkuta amefunga na kuondoka, sasa wanatazama kwanza kama magoti yamekubali. Na wanakuja.

Bosi kamuuliza, "Nani alikufundisha kubadilisha?"

"Hakuna. Yule mama alinifokea mara moja tu. Nikaona kubadilisha mwenyewe ni rahisi kuliko kumwita tena."

Nilikaa wima. Sifa kama hiyo mtu haipati mara mbili.

Bosi kakata simu, kaanza kuzungusha kalamu. Kamuuliza mjukuu ni wangapi pale wanaobadilisha kurasa zao wenyewe. Mjukuu akatazama, akasema karibu wote, isipokuwa fundi saa, ambaye tangu ile samahani yake bado anakusudia. Bosi kauliza, na wateja wetu wakubwa? Mjukuu akasema hao wanapiga simu hata kuondoa nukta. Chumba cha pili tulisikia simu inalia, na mtu anaipokea kwa sauti ya kuchoka.

Kasema hafuti leo. Atangoja chati ya Ijumaa. Vichwa tu ndivyo vipunguzwe.

Kinyozi kaambiwa. Kauliza vipunguzwe nyuma au pembeni.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Chati imetoka. Tumeifungua mezani, mimi na yeye, mikono yetu imeshikana chini ya meza kama wezi.

Jitu lipo juu, nene. Mstari wake umeinama unywele. Mjukuu anasema limekuwa hivyo kwa muda, halipandi tena kama zamani, ila halina haraka ya kushuka. Chini yake kuna mifumo ya kuburuta na kudondosha, ile ya kuvuta picha kwa kidole na kuiachia unapotaka, ambayo inapanda. Nikashuka na kidole, jina kwa jina, nikisoma kwa sauti. Nikafika mwisho. Nikarudi juu nikashuka tena, pengine nililiruka.

Kigoda hakimo.

Mkono wa mjukuu chini ya meza ulikuwa wa baridi. Nikaushika kwa miwili.

Simu ikalia. Bosi. Kasema neno lake halibadilishi, wateja wakubwa wanahamia kwenye Jitu kuanzia mwezi ujao. Nikafungua mdomo, mjukuu akanikanyaga. Bosi kaendelea. Simu za malalamiko atapokea mwingine. Ghorofa ya chini kuna chumba chenye mlango wa barabarani, kimejaa maboksi. Kitoe maboksi, kasema, kaa humo na Kigoda chako, uwahudumie mafundi na wenye maduka, kila mmoja apate anwani yake. Wale wasiotaka kumwita mtu.

Mjukuu kasema asante kwa sauti ya ofisini. Kisha kaweka simu chini na kunibeba. Mimi! Mwanamke wa uzito wangu! Tumezunguka meza tukaangusha kikombe.

Aliponitua nikamwonyesha chini kabisa ya chati. Kapu la Mengineyo limepanda. Kidogo, lakini limepanda. Kasema mle ndani mna mifumo mamia, Bibi. Sawa, mamia. Lakini mwezi huu nani kasukuma? Mimi najijua nilivyosukuma.

Kaniapisha. Kasema sasa kila mtu lazima afunguliwe mlango wake kwa utaratibu, na mimi kile kitufe cha kujumlisha nisikiguse tena kwa kidole changu. Nimeapa, mkono kifuani.

Jioni mjukuu yuko ofisini anatoa maboksi, Bi Sufuria kaja. Kaja kwa mlango wa nyuma, kaniletea kifuniko kipya. Kagombana na mkwewe tangu juzi, na kuna neno moja tu anataka kulibadilisha kwenye tovuti yake, na halibadiliki. Kauliza kwa sauti ya chini kama na yeye anaweza kupata kidogo cha kukalia. Ila watu wasijue.

Nikamwambia nimeapa. Mimi si mtu wa kuvunja kiapo, ulimwengu wote unanijua.

Nikamshika mkono, nikamnyoosha kidole, nikakielekeza kwenye kitufe.

Kidole ni chake. Nimempa chumba cha mbele, jirani na mito. Jitu limepungukiwa na mmoja.